Galaksi Nilizozitupa

Jumatatu, 22 Septemba

Umeme umerudi asubuhi. Nimechaji kompyuta, nikarudia jedwali la tatu. Ijumaa ya wiki ijayo natetea tasnifu yangu, Bujumbura. Swali langu: miale mikali ya nyota, ile inayong'oa elektroni kwenye hidrojeni, ilitoka kwa kiasi gani ndani ya galaksi za mwanzo wa ulimwengu? Zenyewe ziko mbali mno, miale yao humezwa njiani. Basi napima galaksi za karibu zinazofanana nazo. Jibu langu linapendeza: zilivuja sana. Profesa anayenisimamia amefurahi. Mama ameshawaalika ndugu wa kutoka Gatete na Muhuta waje siku hiyo.

Jumatano, 24 Septemba

Hovyo. Hovyo kabisa.

Baada ya magharibi nilikaa ufukweni na Mama. Akatazama taa za boti zinazovua ndagala, dagaa wa ziwani, akakunja uso. "Saidi hakuende. Taa yake haiko." Kaka yangu Saidi alikuwa huko huko ziwani, mimi mwenyewe nilimsaidia kusukuma boti. Siku hizi amefunga bati kwenye taa upande wa nchi kavu, mwanga wote uende majini. Nikamcheka Mama. Kisha kicheko kikanikauka.

Galaksi zilizoonyesha miale sifuri nilizitupa. Nilisema zimefungwa. Kumbe gesi inayozizunguka ina matundu, miale hutokea humo, na tundu likielekea kwingine sisi huku tunaona giza tu. Nimebakiza zile zilizotuelekea. Wastani wa kweli unazitaka zote. Naona aibu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimezirudisha zote. Jibu limeshuka. Limeshuka sana. Nimekagua upya nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimempigia Profesa. Hakupenda. Jopo limeshasoma nakala. Ama nitetee hiyo hiyo nisahihishe baadaye, ama ningoje kikao kijacho, na hakijulikani ni lini. Nimesema nangoja.

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu zaidi. Aliendelea kuchambua mchele. Mwishowe: "Bon, sawa. Lakini batu ya Gatete utabaambia weye mwenyewe. Miye sitaki maulizo yao."

Jumamosi, 27 Septemba

Nimewapigia ndugu wa Gatete. Shangazi kauliza kama nimefeli. Nimesema hapana. Kauliza tena. Nimekasirika mpaka machozi. Nimenawa uso, nimerudi kwenye jedwali. Sibadili neno langu: nangoja.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Mvua imenyesha asubuhi. Mama kapika pilau, sufuria ndogo. Saidi kala, kaenda kulala.

Nimeandika upya mwanzo wa hitimisho: galaksi hizi huvuja kidogo kuliko nilivyodhani. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti. Mama akauliza kutoka jikoni kama ni hiyo tu. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo tu.

Akasema amina.