Ufunguo wa Msumari wa Tatu

Ndugu yangu Simoni,

Nakuandikia kwenye meza ya sendika, chama chetu cha madereva, ile ambayo mguu wake mmoja uliutengeneza kwa ubao wa sanduku la sabuni. Ni Jumamosi alasiri, wenzetu wamekwenda kutazama mpira, nimebaki peke yangu na karatasi. Wewe hukuwa mtu wa barua. Zilipofika kutoka kwa shemeji zako wa Pweto ulizileta kwangu nikusomee, na kila mstari ulinikatiza: "Ruka salamu, Mwalimu, ingia ku mambo." Uliwaambia madereva kwamba mimi nikiombwa maji ya kunywa naanza kueleza mvua. Leo huwezi kunikatiza. Nitaeleza kwa mpango, kama nilivyozoea, nawe utanivumilia.

Ulipokwenda Pweto likizo, malori yote ya kampuni yalikuwa barabarani. Tulipata habari kwamba homa imekuchukua, kwamba wamekuzika huko kando ya ziwa, na kabla hatujazoea kusema "marehemu" mbele ya jina lako, bei ya shaba ilianguka Ulaya. Ungeniuliza shaba ya Ulaya inaingiaje katika unga tunaopeleka Kasenga. Inaingia hivi. Mgodi ukipunguza watu, watu hao hawanunui. Wasiponunua, wenye maduka hawaagizi. Wasipoagiza, lori halina mzigo. Kwanza tulipoteza safari za Jadotville, kisha za Kasenga. Malori yalipangwa uani hadi majani yakaota kati ya magurudumu. Kila asubuhi madereva walikuja, wakafuta vioo vya magari yasiyokwenda popote, wakarudi nyumbani.

Makarani ndio waliotangulia kuachishwa. Yule wetu wa zamani, aliyekuwa akituandikia fomu za likizo, aliondoka siku chache baada ya habari ya kifo chako. Aliletwa mwingine kutoka Jadotville, kijana mwenye mwandiko mzuri asiyejua uso wa mtu yeyote. Mkumbuke huyo, maana jambo ninalotaka kukuambia linaanzia kwake.

Halafu Direkta aliniita kama mkubwa wa sendika, akaniambia madereva ishirini watabaki, wengine waende. Hakusema nani. Sheria anaijua, maana wewe ndiye uliyeidai mpaka ikaandikwa: aliyeingia kazini mwisho ndiye anayetoka kwanza. Vijana wa siku hizi wanadhani sheria hiyo ilikuwapo tangu zamani. Nawaeleza kuhusu ile krizi ya kwanza, kazi zilipokosekana kama leo, sisi tukiwa vijana na sendika ya mtu mweusi ikiwa haijaruhusiwa, jinsi Mzungu aliyekuwapo alivyosimama mlangoni akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Kidole kikakufikia. Ulikuwa umeendesha miaka sita bila kupindua gari. Jirani yako, aliyekuja mwezi uliotangulia, alibaki kwa sababu tu alikuwa amesimama nyuma ya mtu mrefu. Ukatembea kwa miguu hadi Pweto, ukarudi kwetu kazi zilipopatikana tena. Kwa kuwa huko ndiko ulikompata Mama Odilia, ulipenda kusema kidole kile kilikupa mke. Wengine walicheka. Mimi niliona kwamba hukuwa ukicheka.

Ndiyo maana sendika iliporuhusiwa hukuanza kwa kudai nguo wala posho. Ulidai ubao wa funguo. Ulitaka funguo za malori zitundikwe kwa kufuata siku ya kuingia kazini, wa kwanza msumari wa kwanza, ili hata dereva asiyejua kusoma aone kwa macho yake amesimama wapi. Mimi nilikuwa nimependekeza daftari. Ulinijibu kwamba daftari linafungwa, ubao haufungwi. Ulisema kweli.

Na desturi ile nyingine ilizaliwa kwenye ubao huohuo. Unakumbuka mwenzetu wa kwanza kufa baada ya ubao kuwekwa. Tulikubaliana ufunguo wake usiguswe, wala gari lake lisiendeshwe, mpaka matanga yaondolewe. Tuliona ni heshima. Basi nawe tulikufanyia vivyo hivyo. Ufunguo wako ulibaki kwenye msumari wa tatu, na kwa kuwa malori yalikuwa yamelala, hakuna ofisini aliyeuliza kwa nini gari moja halitoki.

Karani mpya alipoambiwa atengeneze orodha ya madereva kwa kufuata ukongwe kazini, wenzake walimwonyesha ubao. Akaunakili. Kifo chako hakikuwa kimeandikwa popote. Jumatatu orodha ililetwa kwangu nitie sahihi kwa niaba ya sendika, na mstari wa tatu ulikuwa na jina lako, ukiwa hai, mwenye kazi, ukiwa miongoni mwa ishirini wanaobaki.

Sasa niseme ukweli. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikanyamaza siku nzima. Unajua nyumba ya kambi ya kampuni inafuata jina lililo kwenye orodha. Jina likifutwa, familia ina siku thelathini za kutoka. Mama Odilia alikuwa amerudi kutoka kukuzika, amekaa na watoto katika nyumba yenu, na kosa la karani lilikuwa linamlinda. Sikuwa nimesema uongo wowote. Nilikuwa tu sijafungua mdomo, nami nilijieleza vizuri kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Unanijua, sikosi maelezo.

Jumanne Felisi alinifuata uani. Ndiyo, huyo Felisi, uliyempa jina la Bwana Fren kwa sababu alikanyaga breki hata njia ikiwa tupu. Hukumpenda, wala yeye hakukupenda. Alikuwa amehesabu misumari mwenyewe, kama ulivyotaka kila dereva aweze kufanya. Yeye alikuwa wa ishirini na moja. Hakupandisha sauti.

"Mukubwa," aliniambia, "miye naulizaka tu. Simoni iko anaendesha kamyo gani sasa?"

Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba yao pia ni ya kambi.

Jioni hiyo tuliitana katika ukumbi wa misheni. Nilisoma orodha mbele ya wote, nikaeleza ilivyotokea. Wazee wengi walisema tuache ilivyo, Simoni alitupigania, acha jina lake lilishe watoto wake kidogo. Mmoja alimwambia Felisi kwamba amekuja kazini jana na leo anataka kumsukuma maiti. Felisi alikaa, akatazama viatu vyake. Mimi nilifikiri nijitoe, jina langu lifutwe badala ya lako, kila mtu abaki. Nililifikiri kwa dakika chache, nakiri hazikuwa nyingi. Nina watoto wa marehemu dada yangu nyumbani. Na hata ningefanya hivyo, ofisi ingegundua siku moja kwamba sendika ilitia sahihi juu ya mtu aliyekufa, na siku hiyo Direkta angepata sababu ya kusimama mlangoni na kidole chake. Wewe ulifanya kazi miaka mingi ili kidole kile kisirudi. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa wenzetu. Nilisema pia kwamba ubao ni wa watu wanaoamka asubuhi. Wakaniachia mimi uamuzi.

Jumatano nilikwenda kwa Mama Odilia. Njiani nilipanga maneno: nianze na bei ya shaba, kisha karani, kisha ubao, ili afike mwenyewe mahali ninapotaka afike. Nilimkuta anapepeta unga. Hakuacha. Nikaanza na shaba. Alinisikiliza kidogo, halafu akaweka ungo chini.

"Mwalimu, unakuja kuniuliza ao kuniambia?"

Simoni, katika miaka yote ya kujadiliana na wakubwa sijapata kuulizwa swali lililonivua nguo namna ile. Maana nilikuwa nimejidanganya kwamba nakwenda kuuliza. Nikamjibu kwamba nimekuja kumwambia.

"Basi sema. Usieleze."

Nikasema. Maneno yalikuwa machache sana. Aliinua ungo akaendelea kupepeta, na nilipotaka kuongeza neno aliniambia watoto wanarudi shuleni sasa hivi, angependa kuwaambia yeye mwenyewe. Nikatoka.

Asubuhi ya Alhamisi, madereva wote wakiwa uani, nilitoa ufunguo wako kwenye msumari. Matanga yalikuwa bado. Nilivunja desturi mbele ya watu walioitunga. Kisha nilisogeza funguo zote zilizofuata wako, mmoja mmoja, kila mmoja msumari mmoja juu. Wangu ulikuwa wa sita, sasa ni wa tano. Nimepanda kwa kifo chako, na kila ninapochukua ufunguo mkono wangu unakwenda bado kwenye ule wa zamani. Ufunguo wa Felisi uliingia wa ishirini. Hakuna aliyempongeza, naye hakutafuta pongezi. Wale waliobaki chini ya msumari wa ishirini, wenye kuondoka, walikuja kunipa mkono, kila mtu kwa zamu, kama kwenye msiba. Baadhi yao uliwafundisha njia ya Pweto, wapi pa kupumzisha injini na wapi mchanga unameza gurudumu. Hilo nalo nimeona ulijue.

Mama Odilia alipata vyumba viwili katika mtaa wa Kenya, hapa mjini, karibu na soko. Siku ya kuhama, Felisi aliomba lori na kumpakia vitu vyake, bila kuambiwa na mtu. Nilikaa nyuma pamoja na vitanda. Barabara ya kule ni mashimo matupu, naye Felisi akawa anasimama karibu kila shimo kwa ajili ya vyungu, mpaka Mama Odilia, aliyekaa mbele, akamwambia, "Wee Bwana Fren, tutafika Krismasi." Nilisikia kutoka nyuma. Felisi hakujua kwamba jina hilo lilifika hadi nyumbani kwako. Alicheka peke yake. Mama akatazama nje ya dirisha.

Matanga tuliyaondoa huko, katika ua mpya, kwa uji na nyimbo za misheni. Odilia yuko darasa la tano na mwandiko wake unashinda wa karani wetu. Shemeji zako wa Pweto wanaleta samaki wakavu kwa lori lolote linaloshuka, Mama Odilia anawauza sokoni, na wateja wake wanasema hana mchezo kwenye kipimo. Felisi amepata mtoto wa kiume. Hakumpa jina lako, na sioni kwa nini angempa.

Kila Jumapili baada ya misa nakwenda Kenya. Mama Odilia hanifukuzi. Ananitolea kiti, anakiweka nje, ukutani, penye kivuli, ananipa maji, kisha anaingia ndani kwenye kazi zake. Watoto wanakuja nje kunisalimu. Mlango uko wazi na naona hata picha yako ukutani, ile uliyopigwa umeegemea tairi, lakini hajapata kusema niingie. Wageni wengine wanaingia. Jumapili ya kwanza nilitaka kumweleza tena, tangu mwanzo, kwa nini haikuwezekana vingine. Nikanywa maji yangu, nikaaga.

Sijui kama nilitenda vema kwako. Kwa sheria uliyotuachia, naam. Kwa yule uliyempata mwisho wa safari ya miguu, sijui. Sitakuomba uamue, huko uliko umepumzika na mambo ya kuamua.

Kaa salama kando ya ziwa lako, ndugu yangu. Nakuahidi jambo moja tu, nalo halihitaji maelezo: nitaendelea kwenda kila Jumapili nitakayokuwa na miguu, nitakaa pale atakapoweka kiti, na sitaomba kisogezwe.

Mimi rafiki yako,
Mwalimu