Stendi ya Kamera na Goti la Baba

Dada yangu mpendwa Sendi,

Pokea salamu zetu kutoka nyumba ndefu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha mdogo kimepungua. Sisi tu wazima. Mama anavuna pilipili manga na kugombana na kuku. Baba naye ni mzima, ingawa hilo nitalirudia.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni. Tulikuwa tunashuka kilima, Baba mbele, stendi ya kamera begani, goti lake likalia, ko, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Hakugeuka. Akaanza kupiga mluzi.

Unajua ninamfuatilia hondohondo. Jike amejiziba kwa tope ndani ya mti, ameacha ufa tu, na dume humletea makuyu. Mhariri wa kitabu kule mjini Kuching alitaka picha za kiota hiki na za viota vingine mpaka mpakani. Lakini msituni mwanga ni hafifu, kamera lazima itulie, na stendi yetu ya zamani ina mguu uliolegea ambao huteleza taratibu bila kuaga.

Uliniambia ninunue nyepesi. Nilikwenda dukani na nia hiyo. Mzee Chong, mwenye duka, aliziweka mbili kando kwa kando, akafunga lenzi yangu ndefu, akaniambia niigonge kwa kidole huku nikitazama kioo cha kamera. Juu ya ile nyepesi picha ilicheza kama uji kwenye bakuli. Juu ya ile nzito ilishtuka mara moja, ikatulia. Kisha akainyanyua, akaguna, akasema hii nzito itabidi niolewe kwanza, nipate wa kunibebea. Nikamjibu kwamba nina baba. Akacheka: “Kwani baba wa kwenu hazeeki, binti?”

Sikucheka. Nilisimama pale mpaka wateja wengine wakaanza kunizunguka. Kununua nyepesi kulikuwa kumwambia Baba kazi yake imekwisha. Tangu nirudi kutoka chuo kikuu yeye ndiye mbebaji. Unchat, jirani yetu, humtania barazani: “Umemsomesha mtoto, sasa wewe ndiye nyati wake!” Baba humjibu kwamba bora nyati anayeingia kitabuni kuliko wewe unayeingia jikoni tu. Wote hucheka, naye hucheka kuliko wote.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Mama hajui. Miezi hii, tukipanda kilima, Baba husimama ghafla, huinua mkono, husema ndege ketupong amelia upande mbaya, lazima tuketi avute sigara moja kabla ya kuendelea. Nawe unajua Baba hafanyi mzaha na ndege wa ishara, ingawa anasali kanisani. Aliwahi kuliacha shamba la mpunga lililokwisha fyekwa kwa sababu ya ndege huyo, na Mama akamnunia mpaka mavuno. Kwa hiyo niliketi. Mwanzoni nilidhani masikio yangu yalikuwa mbali. Lakini mimi naishi kwa sauti hizo, Dada. Ketupong namjua hata mvua inaponyesha. Msitu ulikuwa kimya. Hakuna aliyelia. Baba alikuwa amenipa kisogo, anasugua goti.

Baba yetu alimsingizia ndege. Aliona afadhali hilo kuliko kuniambia, mwanangu, naumwa. Sikukasirika, niliogopa. Niliona jinsi anavyotaka kuendelea kubeba.

Basi nilinunua nzito. Usinigombeze bado. Siku Baba alipokwenda sokoni niliipandisha mwenyewe mpaka kibanda cha zamani cha babu, kinachotazamana na kiota. Bega limevilia damu. Nimeisimamisha, nimeifunika turubai, nimeifunga kwenye nguzo kwa kamba za henzirani. Haitashuka tena.

Kesho yake Baba alitafuta stendi mpya pembe zote za chumba. Nilipomwambia iko juu, aliuliza bila kunitazama: “Na mimi sasa nabeba nini?” Nilimwambia kwamba nikiwa kwenye kamera naona kijitundu tu. Nahitaji mtu wa kumwona dume akija. Alifunga tumbaku yake, akasema: “Haya tangulia, wewe una miguu.” Njiani alipumzika mara mbili. Hakumtaja ndege.

Sitakuficha gharama yake. Stendi iliyofungwa kwenye nguzo haiendi mpakani. Kwa hiyo nimeshamwandikia mhariri ampe mpiga picha mwingine viota vilivyobaki. Mimi nakaa na huyu jike mmoja mpaka kinda litoke. Amekwisha jibu: jina langu halitakuwa kwenye jalada. Nami nimekwisha mrudishia mkataba wa kwanza na kutia saini ule mdogo.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Ukimpigia Baba, muulize habari za hondohondo. Goti liache alitaje mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rinya