Sarafu ya Tembo na Shingo ya Bibi Doto

Mtendeni, Tabora
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Fikiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani Puge: baba, mama na Bibi Doto. Mimi sijambo. Shangazi Advera naye hajambo, ila goti bado linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Masomo yanaendelea. Mwalimu wa historia ameisifu insha yangu juu ya njia ya misafara, akasema nikikaza hivi sitakosa nafasi kidato cha tano. Maneno hayo nimeyaweka moyoni.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba umepata pikipiki. Alifurahi, ingawa alisema ukiulizwa umeipataje unacheka tu. Akaniambia pia kwamba Bibi Doto haongei sana siku hizi. Analalamika baridi ya shingo, hata akikaa juani, na kutwa amejifunga kitenge kama mwenye mafua. Baba alimtania kwamba huo ni uzee. Bibi akamjibu kwamba baridi hiyo si yake, ni ya pacha wake Kulwa, aliye kaburini. Mama alicheka akinisimulia. Mimi sikuweza kucheka, na sikujua kwa nini.

Sasa nikueleze ya jana. Unajua kwamba kila Jumamosi mimi humsaidia Bibi Bachubai dukani, yule mkwe wa marehemu Premji sonara. Macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo mimi humsomea mizani. Mchana aliingia mtu anayeitwa Masolwa, viatu vinang'aa, manukato yametangulia mlangoni. Aliponiona nimeshika lenzi akanitania kwamba nina macho ya kuku aliyeona mtama. Kisha akafungua leso na kuweka mezani sarafu ya dhahabu yenye kipete cha kuning'inizia.

Ilikuwa ile ya tembo, kaka. Mwalimu alitufundisha habari zake. Wajerumani walipozingirwa vitani, waliifua hapa hapa Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli, mwaka 1916. Tembo ameinua mkonga, nyuma yake kuna mlima, na herufi T imewekwa kwa ajili ya Tabora. Wanaoitafuta ni wengi, na wanaoighushi ni wengi zaidi.

Bibi Bachubai hana haraka na vitu vya namna hii. Husema sarafu ni kama mkwe, usiipokee kwa sura. Alianza na sumaku, haikushika. Akaigonga juu ya kioo na kusikiliza, kichwa ameinamisha. Akanipa niipitie kwa lenzi, nitafute vipovu vidogo, kwa maana sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huacha vipovu, na iliyofuliwa kwa mtambo haiachi. Sikuona kipovu hata kimoja. Niliona tumbo la tembo limelika, kama lililosuguliwa na kidole gumba kwa miaka mingi. Kwenye kipete niliona uzi mweusi wenye ushanga wa buluu, na udongo umegandia ndani ya fundo.

Uzi ule naujua. Bibi Doto aliufunga mwenyewe siku ya mazishi, akaificha sarafu ndani ya kola ya gauni la Bibi Kulwa, akasema kitu cha pacha hakirithiwi. Chumbani tulikuwa yeye, mama na mimi. Kisha uliitwa wewe, uje kugongomea kifuniko cha jeneza.

Niliirudisha lenzi kwenye fundo lile. Bibi Bachubai aliniuliza kama nimeona doa, nikasema vumbi. Hapo Masolwa akaanza kujigamba. Alisema sarafu hii ina mwenzake, na tajiri wake wa Mwanza anazitaka zote mbili. Hiyo nyingine bado iko shingoni mwa ajuza mmoja. Ajuza hakawii, alisema, na akikawia anasaidiwa. Alicheka peke yake.

Ikabaki mizani. Niliiweka sarafu, na namba ilikuwa ile ile inayotakiwa, pamoja na uzito wa kipete. Bibi Bachubai alikuwa akingoja nimsomee.

Kaka, nilidanganya. Nilitaja namba ndogo kuliko ile, nikaiondoa sarafu kabla Masolwa hajasogea. Bibi Bachubai akaichukua, akaipimapima kiganjani, akapapasa nyuma ya kipete kwa ukucha. Kisha akasema kwamba ikiwa mizani imesema, imesema: ni ya bandia, na hainunui.

Niliamini nimemwokoa Bibi Doto. Sikufikiri kwamba hasira ni lazima iende mahali. Masolwa alitukana, akaikunja sarafu kwenye leso, akasema kijana wa Puge amemchezea. Amempa pikipiki nzima kwa takataka. Siku ya gulio atakwenda kuifuata, na huyo kijana atamlipa kwa ngozi yake.

Alipotoka, Bibi Bachubai aliniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Alisema alipopapasa kipete aligusa nyota ndogo, alama ya mkwewe. Anakumbuka mapacha wawili wa Puge walioleta sarafu mbili, na Premji akazitia vipete zote mbili siku moja, maana mmoja asingekubali kutangulia. Alijua ni ya kweli, na alijua imetoka wapi.

Shangazi amempigia mama, amemwambia tu Bibi Doto asilale peke yake. Sababu hakuitaja. Simu ya nyumbani husikilizwa kwa sauti kubwa na kila mtu, ndiyo maana nimeandika, na Marcelina, anayesafiri kuja Puge, atakukabidhi mkononi kesho.

Kabla ya gulio, mrudishie Masolwa pikipiki yake. Usiende peke yako, nenda na baba, na ili baba aende ni lazima umwambie. Mwombe akupe hiyo sarafu ya bandia. Atakupa, maana hana kazi nayo. Lakini fanya upesi, kabla hajaipeleka kwa mtu mwingine mwenye mizani. Jumamosi ninakuja na Shangazi. Tutaifungua ardhi kwa heshima na kumvika Bibi Kulwa kilicho chake, nami nitasimama karibu nawe.

Nisalimie baba na mama. Bibi Doto mwambie shikamoo yangu, na umuulize kama shingo bado ina baridi. Jibu lake nitalipokea kutoka kwako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Minza