Anayebisha Ndani ya Bibi

Mbugangari, Gisenyi
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Anastase,

Bibi yu hai, wala si mashine iliyovaa mwili wake: hiyo ndiyo hoja nitakayoitetea. Lakini heshima hutangulia. Nakusalimu wewe na wote wa Kalemie. Natumaini mguu wako umepona. Sisi tu wazima, isipokuwa yeye.

Ujumbe wako wa sauti katika kundi la familia tuliusikia sote. Ulisema mama yako alifariki mwaka 2017, moyo wake uliposimama sekunde sita hospitalini, na kwamba tangu hapo tunaishi na umeme. Jumamosi, kwenye posa ya dada yangu Umuhire, chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa katikati na mrija ukapita kwa wazee kama ilivyo desturi. Ulipotoka kinywani mwa Bibi, shangazi Mukarugwiza aliuchomoa, akauegemeza ukutani, akaleta mwingine. Bibi aliutazama mrija ule mpaka wageni walipoondoka.

Nimesoma kuhusu kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo alichowekewa Bibi wakati ule, kuliko yeyote katika ukoo huu. Kijisanduku kimelala chini ya mtulinga. Waya wake hupita ndani ya mshipa hadi moyoni, ncha yake ikajishikiza kwenye nyama. Hapo husikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, hunyamaza. Ukikawia, huupiga kidogo kwa umeme, nao huitikia. Daktari anasema mgonjwa hausikii umeme huo. Bibi anasema anausikia.

Nakiri, jana alipokuwa amelala mchana nilimshika kiganja nikahesabu: sitini, sitini, sitini, bila kuwahi wala kuchelewa. Niliuachia mkono. Nakiri pia kwamba kifaa hakimtambui maiti. Siku atakapozikwa kitaendelea kubisha chini ya udongo mpaka betri iishe. Lakini nyama iliyokufa haiitikii, Baba Mkubwa. Ya Bibi inaitikia. Huo ndio uhai, na huo ndio ushahidi wangu.

Sasa betri inakaribia kwisha. Alhamisi tarehe 19 anatakiwa Kigali abadilishiwe kijisanduku, naye amekataa. Aliniambia: “Anastase ni kifungua mimba yangu. Kama ye anasema nilikufa, mi nitamubishia nini? Muache huyu mutu mwenye anapigaka mulango ndani yangu achoke, nipumuzike.”

Nisalimie Mama Mkubwa Nyiraneza na kaka Igor. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Jumapili hii, saa nane mchana, tutakuwa sote sebuleni, Bibi akiwa karibu na simu. Ulimhukumu hadharani, mjibu hadharani. Ivunje hoja yangu akisikia, au umwite mama kwa sauti yako, mbele yetu sote. Jibu la faraghani sitalipokea.

Wako akupendaye hata katika ubishi,
Byiringiro