Hela ya Lori na Kesi ya Athumani

Jumatatu, 5 Oktoba
Nimemenya muhogo, nimeanika, nikanawa mikono kupokea tena michango ya kampeni. Mdogo wangu Athumani anagombea udiwani. Kinamama wa Kiwangwa wameuza mananasi. Kila mmoja kaweka mkono juu ya bweta langu akatia nia kwa sauti: hela ya lori, wazee wafikishwe kupiga kura. Tukasoma Fatiha. Ndiyo ada yetu. Kilichotiwa nia hakigeuzwi mpaka urudi kwa aliyekitoa.

Jumatano, 7 Oktoba
Athumani kaitwa Mahakama ya Wilaya. Jirani yake amemshtaki kwa kumkatia mikorosho ya mpakani. Nilimkanya juu ya lile panga lake. Hasikii. Akionekana na hatia jina lake litafutwa kwenye uchaguzi. Nina hofu kuliko yeye.

Alhamisi, 8 Oktoba
Kaja kabla ya adhuhuri. Anataka hela ya bweta amlipe wakili wa Dar es Salaam.
"Dada, nikifutwa mimi, hilo lori litawapeleka wazee kumpigia nani?"
Maneno yana akili. Na mtoto huyu nimemlea mgongoni, mama akiwa mgonjwa. Nimempa nusu. Ya Rabi nisamehe. Nimempa.

Ijumaa, 9 Oktoba
Swala haikukaa. Nimesahau rakaa, nimeanza upya mara mbili. Kesi ya mikorosho ni yake yeye na jirani yake. Wale kinamama hawakumtuma kukata mti.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimepanda basi mpaka Kiwangwa. Nimekiri mbele yao wote. Bi Mwanahawa, aliyechanga kuliko wenzake, akagonganisha viganja.
"Loo! Kumbe nanasi langu limekwenda kusomea sheria!"
Wakacheka. Mimi nikalia. Mmoja akaniletea maji.
Halafu Bi Mwanahawa akasema taratibu: "Angeshtakiwa kwa neno alilolisema mkutanoni kwa ajili yetu, tungemtolea, tena tungeongeza. Panga lake alijibie mwenyewe. Kaichukue hela yetu, mwenzangu."
Hakuna aliyempinga. Ni haki yao.

Jumapili, 11 Oktoba
Wakili alikuwa hajalipwa bado. Alhamdulillahi. Lakini Athumani!
"Wewe ni dada yangu au karani wao?"
Kazimwaga hela mkekani, nyingine zimeviringika uvunguni. Nimeziokota kwa magoti. Sijamjibu. Ningemjibu ningempa tena.

Jumatano, 14 Oktoba
Hajapita hapa. Nimempelekea samaki, mkewe kapokea mlangoni, hakunikaribisha. Nasimama, nakaa, nafagia palipofagiwa. Hivi nimefanya haki, au nimemtupa ndugu yangu? Nauliza kila sijda.

Jumanne, 20 Oktoba
Kesi imekwisha. Athumani kasimama peke yake, hana wakili, kajieleza kwa kigugumizi. Hakimu kamwona ana hatia. Fidia kwa jirani. Kifungo hakuna. Jina limefutwa.
Bi Mwanahawa alikuwepo. Anasema lori litakwenda vilevile, wazee watachagua katika waliobaki.
Mimi nilisikilizia dirishani, nimekaa nje kwenye baraza ya mahakama. Athumani akatoka, akapita kama hanioni, akafika barabarani, akarudi. Kichwa chini.
"Shikamoo, dada."
Ilikuwa ndogo, haikusikika vizuri. Nikaitika marahaba kwa sauti, watu wote wasikie.