Kalamu Baada ya Misa

Odette mjukuu wangu, Likasi tuko wazima, mama yako anakusalimu. Unauliza kwa nini wateja wenu wa intaneti wanalia ilhali grafiki ya mtandao inaonyesha wastani mdogo wa mzigo. Swali hilo limenirudishia hofu.

Miaka ya tisini, viwanda vikiwa vimezimwa, kazi yangu ilikuwa kulinda kalamu ya mashine iliyochora mzigo wa umeme kwenye karatasi. Jumapili moja mkubwa wangu wa kazi akaniambia, «Wastani iko chini, weye unaogopa nini?» Misa ikaisha, kila nyumba ikawasha resho, jiko la umeme, kupika bukari, ugali wetu. Kalamu ikapanda hadi mstari mwekundu, transfoma ikanguruma. Transfoma hiyohiyo iliwasha taa za hospitali, ambako mama yako alikuwa anapasuliwa ili uzaliwe. Nikaukatia mtaa wetu umeme. Bukari ya bibi yako ikabaki mbichi.

Jioni wastani ulikuwa chini, kama Jumapili zote. Lakini wewe ulizaliwa pale juu, kwenye mstari mwekundu, ambapo wastani haufiki.

Nkambo wako