Skuta ya Twaibu

Kindu, Kasuku
Tarehe 6 Februari 2024

Kwa wifi yangu mpendwa Latifa,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute mzima, wewe na wanao wote huko Kigoma, na miguu yako iwe imepunguza kuvimba. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu sababu yake naijua: barabara ya Kailo na skuta ya kaka yako. Mvua hazijakatika. Bati la jikoni nimeligongea misumari mipya. Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Soma polepole, utaona.

Najua unataka habari za skuta kwanza, zangu baadaye. Sikukasirikii, nimekuzoea. Skuta inawaka. Asubuhi inataka kupigwa kiki mara nne au tano, na siku za baridi inadeka zaidi ya hapo. Nayo si ndogo wala si kubwa, ina nguvu za kunibeba mimi na katoni mbili za sabuni, lakini vijana wa pikipiki hapa Kasuku wananicheka nikipita, wanasema hiyo ilikuja na Wabelgiji. Petroli yake lazima ichanganywe na oili, na siku hizi nachanganya mwenyewe kwenye chupa. Oili ikizidi natoa moshi hadi mbuzi wanakimbia, ikipungua injini inachemka na kukwama. Petroli ya barabarani siiamini kabisa. Wanatia maji, wengine mafuta ya taa, basi naichuja kwa kipande cha kitenge na bado kila mwezi nafungua kabureta kuipuliza. Waya wa breki ya mbele nimebadilisha. Mpira wa nyuma umekwisha tena, mwingine nimeagiza, utafika treni ikikubali kuja. Ushuru wa barabara nalipa kwa jina la Twaibu, maana karatasi ni zake, na kila mwaka karani ananiuliza mwenyewe yuko wapi.

Wiki iliyopita fundi Ismaël aliiinamia, akapapasa chini ya injini, akanyanyuka na mkono mweusi na kuniambia: «Mama, hii kitu njo imechoka. Uuzishe vyuma, utafute ingine mupya.» Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu, kwamba mwenyewe yuko safarini, mimi siwezi kuuza cha mtu. Akainama tena na kuendelea na kazi.

Jumatano na Jumamosi naenda kuuza sabuni na chumvi Kailo. Nikirudi naosha skuta matope kabla sijajiosha mwenyewe, kisha naifunika. Siku za kuiosha ndizo siku ninazozungumza zaidi. Jirani yangu Joëlle siku moja alichungulia akidhani nimepata mgeni, akanikuta nagombana na tairi. Tulicheka wote wawili, halafu yeye akarudi kwa watoto wake. Latifa, nyumba hii imekuwa kimya sana. Napika kipimo kidogo mpaka sufuria linanionea huruma.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Uliponipigia mwezi uliopita ulisema umesikia kuna mtu Kalemie, muuza samaki, ana pengo la meno kama la Twaibu na anacheka kama yeye. Ukasema Idi ikipita utauza cherehani yako uvuke ziwa kwenda kumtazama. Niliitikia, nikakata simu.

Usiende Kalemie, wifi yangu. Usiuze cherehani. Huyo si yeye. Kaka yako alifariki, Mungu amrehemu, nami nimejua tangu Februari ya mwaka 2003.

Unakumbuka mji ulivyozungukwa mwaka wa nyuma yake, askari wakichukua kila chombo chenye injini pamoja na anayejua kukiendesha. Wenye vyombo mtaani kwetu walikuwa wakifungua bujia, kile kidude cha kutoa cheche, ili mtu akija kuiba asiweze kuwasha. Twaibu naye aliifungua, akaitia mfukoni, akaficha skuta nyuma ya kuni, akashika njia ya Pangi kwa miguu na mfuko wa chumvi ya kubadilisha na mchele. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba alikuja mkulima mmoja wa Pangi, Zéphirin jina lake, akaketi mlangoni pangu, akafungua kitambaa na kunionyesha ile bujia. Alinieleza kwamba homa ilimshika Twaibu njiani, akalala kwake siku tatu, ya nne akafa. Alimzika kwenye ukingo wa shamba lake, akamtafuta Mwislamu wa kijiji cha pili aje kumswalia. Akaniambia Twaibu aliniachia mimi mkewe neno: «Umuambie bibi yangu asiningojee. Na mama pia asiningojee.» Nilimpa maji akanywa, akaenda. Mama mkwe alipotoka mtoni na ndoo yake, nilikuwa nimeshanawa uso.

Siku ile nilisema moyoni nitangoja kidogo tu. Nilimwogopa Assani, kaka yenu mkubwa. Nilijua arobaini ikiisha atachukua skuta na nyumba, nami nisiye na mtoto nitarudishwa kwetu Kibombo na mkeka wangu. Mali ya mtu aliye hai asingeigusa. Basi bujia niliirudisha, nikawaambia watu nimenunua sokoni, nikajifunza kuendesha kwa kuanguka. Ndivyo nilivyokula miaka yote hii.

Lakini Assani amekufa mwaka wa tisa sasa, na bado nilinyamaza. Kwa hiyo nikuambie ukweli wenyewe. Mjane watu wanamlilia wiki moja, kisha wanamwacha. Mke wa msafiri anaulizwa habari za bwana kila siku, na kila aliyeniuliza alilitaja jina lake. Nilipenda kulisikia. Kwa ajili ya kupenda huko nilimwacha mama yako amtengee mwanawe chakula miaka minane. Siku anafariki alinisihi nisikomee mlango, Twaibu asije akagonga. Nikasema ndiyo, mama.

Baada ya simu yako nilienda kwa mwalimu wa msikiti kumwomba nikae eda. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cheupe. Aliniuliza siku ya kifo, nikamtajia. Akaniambia kwa upole kwamba eda inahesabiwa tangu mume anapokufa, yangu iliisha mwaka ule ule, nikiwa barabarani na sabuni zangu. Hakuna ya kukaa tena. Imebaki toba, na kuwaomba radhi niliowadhulumu. Nilirudi na kitambaa changu kwapani. Nilikuwa nimedhania watanifungia ndani na wanawake watakuja kuketi nami mkekani. Hawatakuja, Latifa. Wakati wao umepita, na niliupitisha mimi.

Zéphirin bado yupo, kazeeka. Kila msimu anaparua majani juu ya kaburi lisipotee, na akija mjini hunipa habari. Mimi sijawahi kufika. Skuta imenifikisha Kailo mara nyingi hata siwezi kuhesabu, upande wa Pangi sikuielekeza hata siku moja. Niliogopa kuona.

Uliyebaki kuombwa radhi ni wewe. Hitima sitaisomesha kabla hujanijibu, maana ni haki yako kuliko yangu. Ukija tutakwenda kaburini wote wawili. Ukisema nisikuite tena wifi, sitabisha. Ila nijibu, hata neno moja la matusi, kwa sababu duniani waliobaki wa kumlilia Twaibu ni sisi wawili, na mimi peke yangu nimeshindwa.

Barua hii anaibeba mama Françoise, anayekuja huko kununua dagaa. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako, asimpe mtoto. Wasalimie wanao wote, na majirani wanaonikumbuka. Mungu akupe subira ambayo sikukuachia nafasi ya kuiomba mapema.

Ni mimi,
Mwanahamisi,
mjane wa marehemu Twaibu